Kiti cha Nne Hukaa Kitupu

Hosteli, Alice Springs
Jumatatu, 12 Mei 1997

Napurrula mwanangu,

Pokea salamu za mama yako aliyekauka kama ngozi iliyoanikwa juani. Usishtuke, nimekauka kwa amri ya daktari. Lita moja kwa siku, mwanangu. Chai imo humo, supu imo humo, hata kipande cha barafu unachomumunya wanakihesabu kuwa ni maji. Mimi niliyemaliza kisima kizima nilipokuwa na mimba yako, leo napimiwa kikombe kama kifaranga.

Juzi alikuja msichana wa chakula, mzungu mwembamba, amebeba kapu la vyakula vya plastiki. Ndizi ya plastiki, kiazi cha plastiki, hata mkate. Akainua ndizi: "Hii hapana, mama. Ina potasiamu nyingi, inaweza kusimamisha moyo." Akainua kiazi: "Hiki ukichemshe mara mbili, na maji yake umwage." Bibi Nakamarra wa kiti cha tatu akamuuliza, "Na wewe mjukuu wangu, ndiyo hayo ya plastiki unayokula? Mbona umekonda hivyo?" Tulicheka mpaka mashine za kusafisha damu zikaanza kupiga kelele na sista akaja mbio.

Ila mambo mengine si ya kuchekesha. Daktari amenionyesha picha ya moyo wangu. Umetanuka. Anasema figo zikifa, maji yanabaki mwilini na moyo ndio unaoyabeba, siku baada ya siku, mpaka unachoka. Kwa hiyo nisikose mashine hata mara moja: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asubuhi, kiti cha nne. Nikishika kiti na nikishika chakula, nitaishi. Na nasikia wanafikiria kuleta mashine huko kwetu Pulikutjarra, mwakani au mwaka wa pili yake. Mimi sitaki kitu kingine, nataka nifike siku hiyo, nirudi nilale kwenye mchanga wetu.

Usinitumie nyanya za porini zilizokaushwa. Najua ni msimu wake, lakini zimejaa hiyo hiyo potasiamu. Uzile wewe, na ukizila nitaje.

Mama yako,
Eunice Napaltjarri


Pulikutjarra
Jumanne, 20 Mei 1997

Mama,

Naandika haraka. Rubani wa ndege ya barua anakunywa chai ofisini, akimaliza kikombe anaondoka. Ningekupigia, lakini simu ya kibandani imeng'olewa mkono wake tangu Pasaka na hakuna aliyekuja kuitengeneza.

Nina habari, na sijui niiandike vipi bila kukukosea adabu. Baba yake Noelene anaumwa. Alianza kuvimba miguu, akasema ni viatu. Akavimba uso, akasema ni usingizi. Nesi wa hapa amepima damu yake mara mbili: figo zimekwisha. Alhamisi ndege ya daktari inamleta huko mjini kuwekwa kwenye mashine.

Nakuambia ili ujue njia za kupita, basi. Atakaa kwa dada yake, kambi ya mashariki, mbali na hosteli yako. Mji ni mkubwa, hamtagongana. Na hao wazungu nao wana akili zao, watampangia siku zake.

Nimelia, kisha nimenyamaza kwa sababu watoto wananitazama. Mama hana figo, mume hana figo. Wenye figo nyumba hii tumebaki mimi, watoto na mbwa.

Shika kiti chako, Mama. Shika chakula chako. Nakutegemea wewe uwe mfano.

Mwanao,
Dulcie Napurrula


Pulikutjarra
Jumanne, 10 Juni 1997

Baba Noelene,

Barua yako nimeipata. Mistari minne! Mtu anayeweza kusoma nyayo za kangaruu wa juzi na kukueleza kama alikuwa na njaa, anamwandikia mkewe mistari minne. "Nipo. Mashine inauma. Chai ni kidogo. Wasalimie watoto." Hata rubani angeniandikia mingi zaidi.

Sasa nisikilize. Huku watu wameanza maneno. Jana dukani baba yako mdogo alikusema mbele ya kila mtu, "Tjapanangka amefika mjini amegeuka mzungu, anafunga mlango anakula nyama peke yake." Wenzake wakacheka. Mimi nikalipia unga wangu nikaondoka, uso unawaka moto.

Unajua vizuri kuwa mke hapatikani bure. Tangu unioe hujawahi kuangusha kangaruu bila mkia na paja kwenda kule kunakostahili, kwa aliyenizaa. Kuugua hakufuti wajibu. Kama huna bunduki wala gari, madukani wanauza mikia iliyogandishwa, na nyama za kopo. Mpe dada yako apeleke, watu waone. Usinitie aibu, tafadhali.

Wewe mwenyewe fuata masharti yako. Chumvi hapana, soda nyeusi hapana. Noelene amepoteza jino na anakuwekea.

Mkeo,
Napurrula


Hosteli, Alice Springs
Jumanne, 24 Juni 1997

Mwanangu,

Mimi sijambo, sana tu. Mwandiko umepinda kwa sababu vidole vimejaa baridi. Huku asubuhi maji ya mbwa yanaganda bakulini.

Nyama inafika. Mikia kila wiki, na makopo ya nyama ya chumvi, makubwa. Inaletwa mchana, mbele za watu, ukumbini. Nimekula wakiniona. Mjulishe anayepaswa kujulishwa kuwa hakuna anayeweza kusema lolote juu yake, na hao wanaopayuka dukani wafunge midomo.

Katika mengine nimekuwa mwanafunzi bora wa msichana wa ndizi. Siku nyingine nakula kipande cha mkate tu. Maji nayo nimepunguza kuliko wanavyotaka wenyewe. Naweka kijiwe mdomoni, kama bibi yako alivyotufundisha tulipokuwa tukitembea siku mbili kutoka kisima hadi kisima. Kijiwe hakina potasiamu! Mtu asipoingiza kitu tumboni, mashine itasafisha nini? Nimeliwaza hili peke yangu, na naona linafanya kazi.

Usiniulize habari za mashine kila barua. Mashine ni mashine. Niambie habari za huko: mvua, watoto, nani kagombana na nani.

Mama yako,
Eunice Napaltjarri


Kliniki ya mashine za figo, Alice Springs
Alhamisi, 3 Julai 1997

Mpendwa Bi Dulcie,

Mimi ni Sista Heather, msimamizi wa zamu ya asubuhi. Nimejaribu kupiga simu yenu mara nyingi bila mafanikio, kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Nina wasiwasi mkubwa juu ya mama yako. Tangu mwisho wa Mei amekosa mashine zaidi ya nusu ya siku zake. Basi letu likienda kumchukua anasema yuko tayari, kisha haonekani. Pengine hutokea alasiri kuuliza kama kuna kiti kilichobaki. Mara chache tumempa, mara nyingi hakuna. Akija huwa amejaa maji kilo tano au sita, miguu imevimba, hawezi kulala chali. Potasiamu yake inatisha. Nafikiri anakula vyakula vya chumvi kwa wingi. Bi Dulcie, moyo wake ni dhaifu. Hawezi kuendelea hivi.

Tumemuuliza kwa nini. Anatazama sakafu. Wenzangu wengine wanasema ni mkaidi, mimi sijui niseme nini. Labda wewe binti yake atakusikia.

Mumeo, ninafurahi kukuambia, hakosi hata siku moja.

Wako,
Heather Lomax


Pulikutjarra
Jumanne, 8 Julai 1997

Mama,

Leo sina salamu.

Sista ameniandikia. Kumbe unanidanganya. "Sijambo sana tu", "mwanafunzi bora"! Umekosa mashine zaidi ya nusu, umevimba, unakula chumvi, na mimi huku nawaambia watoto bibi yenu ni shujaa. Uko wapi asubuhi hizo? Mtoni na wacheza karata? Niambie ukweli, nijue ninamlilia nani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hata mume wangu, mwanamume mwoga wa sindano kuliko watoto, hakosi siku. Yeye anapigania uhai wake ili arudi. Wewe unautupa. Umechoka na sisi?

Ningekuja mwenyewe kukuburuta kwa mkono, lakini gari la jumuiya limekufa gia na mdogo wake Noelene masikio yanatoa usaha. Nimefungwa hapa kama mbuzi. Usiku nakuona umekaa kitandani huwezi kupumua, nami siwezi kukuwekea hata mto mgongoni.

Nenda kwenye kiti chako, Mama. Nakuomba kwa magoti. Nina hasira kwa sababu nina hofu.

Dulcie


Kambi ya mashariki, Alice Springs
Jumapili, 13 Julai 1997

Mke wangu,

Leo nitapita mistari minne. Ilibidi nikuambie siku nyingi, nikashindwa, kwa sababu ni habari ya mtu ambaye simtaji. Nitaiandika kwa kuzunguka, nawe utaelewa.

Siku yangu ya kwanza waliniweka kiti cha tano, Jumatatu asubuhi. Sindano mbili zikiwa zimeshaingia mkononi, damu inazunguka, siwezi kunyanyuka, mlango ukafunguliwa. Nilisikia nyayo. Nyayo nazijua, hizo siwezi kukosea. Nikafumba macho. Nyayo zikasimama, nikasikia blanketi linavutwa juu ya kichwa, mlango ukafungwa. Kiti cha nne, ambacho kimegusana na changu, kilikaa kitupu saa tano nzima.

Jumatano hivyo hivyo. Ijumaa hivyo hivyo. Hata basi ni moja, yule akiniona ndani anarudi hosteli.

Nikamwambia mwanamume mmoja pale, anayepanga orodha, "Nihamishie siku nyingine." Akasema, "Orodha imejaa, bwana, shukuru umepata. Kwani hapa pana tatizo gani?" Nikatazama sakafu. Ningesema nini? Ningemtajaje mbele ya chumba kizima? Mkalimani huja mara moja kwa mwezi, naye ni msichana mdogo, ningeona aibu mara mbili.

Kisha nyama. Uliniambia nisikutie aibu, nami nimepeleka kila wiki. Mikia, makopo. Wiki iliyopita msichana wa chakula alikaa kando ya kiti changu, akatoa kopo la plastiki la nyama ya chumvi, akaniambia, "Hii kwa mtu wa mashine ni sumu, hasa kama moyo wake ni mbaya." Nilitoka jasho, akadhani presha imeshuka. Yaani mimi ndiye ninayepeleka sumu, na anayepelekewa hawezi kuikataa kwa sababu ni mimi niliyeileta. Dada anasema anakula vipande vitatu mbele za watu, kisha anakwenda kulala na kuhema.

Nimeamua kukiacha kiti. Ijumaa sitakwenda. Kuna gari la jamaa linarudi huko, nitapanda. Yeye ni mama yako, mume utapata mwingine.

Clifford


Pulikutjarra
Jumanne, 15 Julai 1997

Clifford,

Rubani ananisubiri, nimemshikia funguo zake.

Usipande gari lolote. Ukifika hapa bila mashine nitakurudisha kwa mawe. Nyama ikome leo. Nimemwandikia Sista. Kaa hapo ulipo mpaka wakuhamishe.

Mimi ndiye niliyekuambia upeleke ile nyama. Mimi, kwa sababu ya maneno ya dukani. Usijibebeshe peke yako.

Napurrula


Pulikutjarra
Jumanne, 15 Julai 1997

Sista Heather,

Mama yangu si mkaidi, wala mimi si mtu wa kugombana, lakini leo nimekasirika na nitaandika nilivyokasirika.

Mtu wa kiti cha tano ni mume wangu. Mtu wa kiti cha nne ni mama yangu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja. Mmoja akija njia hii, mwingine anashika ile. Si ugomvi, ni heshima iliyo kubwa kuliko zote tulizonazo. Nyinyi mmewaweka bega kwa bega, mkawachoma sindano wasiweze kukimbia, kisha mnashangaa mmoja wao haji. Mnamuuliza kwa nini, na hilo ndilo swali moja duniani ambalo hawezi kulijibu, kwa sababu jibu lake ni mkwewe.

Nami nimo kwenye lawama. Yeye kwenye barua zake hamtaji mume wangu, na mume wangu hamtaji yeye. Mimi katikati nikadhani ni adabu ya kawaida, kumbe nyuma ya adabu kuna mtu anakufa.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mmoja umpe Jumanne na mmoja abaki Jumatatu, na basi tofauti. Usimuulize mtu yeyote chochote, badilisha tu. La pili, ile nyama ya chumvi anayokula analetewa na mkwewe kwa wajibu, hawezi kuikataa. Mkataze wewe, kwa sauti, mbele za watu. Ukikataza wewe mzungu, hakuna kati yao aliyemkosea mwenzake.

Fanya leo, Sista. Usingoje mkutano.

Dulcie Napurrula


Kliniki ya mashine za figo, Alice Springs
Ijumaa, 25 Julai 1997

Mpendwa Dulcie,

Barua yako ilinifikia Jumatano, tarehe kumi na sita. Nilibadilisha siku hiyo hiyo. Mgonjwa mwingine alikubali kwa dakika moja tu kubadilishana siku na mama yako. Dakika moja, Dulcie, na sisi tulikuwa tumeacha wiki saba zipite. Nimefanya kazi hapa miaka minne na sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja ni nani asiyepaswa kukaa naye. Naomba radhi, najua hazitoshi.

Mama yako alikuja Alhamisi, tarehe kumi na saba, wa kwanza kabisa mlangoni. Lakini saa moja baada ya kumuunganisha, presha ilianguka na moyo ukapoteza mwendo. Tulimkimbiza hospitali. Walijaribu tena Jumamosi, na tena Jumanne, polepole sana, ikawa vile vile. Daktari wa moyo anasema moyo umechoka kiasi kwamba hauwezi tena kuistahimili mashine. Na bila mashine, unajua.

Tumemweleza yote, safari hii na mkalimani. Amesema anataka kurudi nyumbani. Tumemtafutia nafasi kwenye ndege ya Jumanne, tarehe tano Agosti. Nimemwambia ni mwendo mrefu kwa hali yake, akaniambia alikuwa akitembea mrefu zaidi ya huo na mtoto mgongoni.

Mumeo yuko salama na anaendelea.

Heather


Hospitali, Alice Springs
Jumapili, 27 Julai 1997

Napurrula mwanangu,

Barua yako ya hasira ninayo chini ya mto. Umesema nacheza karata. Kweli nilicheza, mara mbili, na mara zote mbili nilishinda. Siku nyingine nilikuwa nakaa nyuma ya kanisa, juani, nangoja saa ya basi ipite.

Sista alikuja hapa kitandani akalia. Sikujua niyaweke wapi macho yangu. Nikampa karatasi ya kupangusia kamasi.

Sasa nikuambie ukweli, maana umeuomba. Watu huko wataanza kusema Napaltjarri alijitoa, alimwachia kiti baba wa wajukuu wake. Wakisema hivyo wakatize. Sikujitoa. Nilikuwa naona aibu, basi. Kila asubuhi nilisema leo nitajifunika blanketi niingie, hata nikafika mlangoni, na miguu ikakataa. Nilidhani nitaiweza kwa njia yangu, nile kidogo, ninywe kidogo, ninyonye kijiwe, nivute siku mpaka wazungu wagundue wenyewe. Nilijiona mjanja kuliko mashine. Haikuwa hivyo.

Nyama usiilaumu, na aliyeileta usimlaumu. Nilikuwa najivunia ile nyama. Wanawake wa hosteli, ambao wakwe zao hawakumbuki hata jina la mji huu, walikuwa wananitazama nikila. Ningeweza kuila kidogo kuliko nilivyokula. Sikutaka.

Jana msichana wa ndizi alikuja bila kapu lake. Akachukua karatasi ya vyakula nilivyokatazwa iliyobandikwa ukutani, akaikunja, akasema, "Mama, kuanzia leo kula unachopenda." Nilifurahi, mwanangu. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kabisa, nikaanza kuwaza chai yenye sukari vijiko vinne. Kisha nikaona uso wake nikaelewa.

Sitaki kufa. Nakuandikia wewe tu, watoto usiwasomee hapa. Nilitaka kuona hizo mashine zikishushwa kwenye lori huko kwetu. Nilitaka kukaa kwenye kiti nikiwa natazama vilima kwa dirisha, niwatukane manesi kwa lugha yetu. Nina hasira nyingi na sijui nimpe nani.

Niandalie mkia, uliochimbiwa kwenye majivu, si wa kuchemsha. Nyanya za porini, zile zile. Mkate wa majivuni. Na maji ya kisima cha kusini, ndoo nzima, yasipimwe.

Mama yako,
Eunice Napaltjarri


Pulikutjarra
Jumanne, 12 Agosti 1997

Baba Noelene,

Umeshasikia, najua, maana kilio kinakwenda kwa kasi kuliko ndege. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa chai. Tulikuwa tumemtoa nje kwenye mchanga, amelala ananiegemea. Alikaa nasi siku nne. Mkia alikula vipande viwili, akasema haujaiva, na kwamba nilikuwa mpishi mbaya tangu utoto. Maji alikunywa mpaka akatosheka. Mwisho alikuwa kama mtu anayezama, Clifford, mtu anayezama nchi kavu, na nesi hakuwa na la kufanya ila kumpa dawa ya kumtuliza. Sitaki kukudanganya, haikuwa rahisi.

Tumehama nyumba. Tuko kambi ya matanga, upande wa magharibi, nimenyoa nywele, nimejipaka udongo mweupe. Mwambie Sista kwamba jina la marehemu halitajwi kwetu, alifute ubaoni na asilitaje tena mbele ya watu wetu.

Sasa soma hapa vizuri, soma mara mbili.

Wazee wamekaa. Mazishi ni wiki ijayo, matanga siku kumi au zaidi. Wakwe ndio wachimbaji, na wewe ndiye mkwe wa kwanza. Lori linakuja huko Alhamisi kuwachukua wote walioko mjini, na kaka yako atasimama mlangoni kukuita. Atakuambia kuwa mwanamume asiyechimba kaburi la mama mkwe wake hana uso wa kumtazama mtu. Ni kweli, ndivyo tulivyolelewa, nami mwenyewe ningesema hivyo hivyo mwaka jana.

Usipande hilo lori.

Siku kumi bila mashine huzifikishi. Ungefika, ungechimba, ungelala kambini na kula kinachopikwa na wote, chumvi na yote, kwa sababu huwezi kukataa chakula cha matanga. Siku ya tano tungekuwa tunakupulizia upepo kwa kitambaa kama nilivyompulizia yeye. Nimeshaona mtu mmoja akifa kwa adabu. Sitatazama wa pili.

Jana nilisimama mbele ya wazee. Mwanamke hasimami pale, nilisimama. Nikasema, "Tjapanangka haji. Ni mimi niliyemkataza. Ana mashine." Baba yako mdogo akaniuliza, "Na kaburi la mama yako achimbe nani?" Nikamjibu, "Achimbe mwenye figo." Mama mkubwa alinipiga fimbo ya bega mbele ya watu wote, na wapo wengine wanaongoja zamu yao. Wacha wapige. Matanga yakiisha watakuwa wamechoka, na wewe utakuwa hai.

Watakusema miaka mingi, wewe na mimi pia. Noelene atasemwa shuleni. Najua ninachokuomba, na kama kungekuwa na njia nyingine ningeichukua.

Lori likija Alhamisi, jifungie chooni kama hujui pa kujificha. Ijumaa saa moja asubuhi basi la kliniki litapiga honi nje ya nyumba ya dada yako. Panda. Jumatatu panda. Jumatano ya mazishi, wakati sisi huku tunafukia, panda. Ukiona aibu, panda na aibu yako.

Mkeo,
Napurrula